Nani Akae Kando ya Simu?

Kijana wa Usa River ambaye kifua kinambana kila mwalimu anapotaja jina lake darasani anaweza leo, akiwa na simu na bando, kuzungumza na mnasihi aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au London bila kutoka chumbani kwake. Kwamba inawezekana, hakuna anayebisha. Ubishi ni kama inamfaa, na katika ubishi huo nimeona watu wenye nia njema wakiachana kwa hasira. Nimewaketisha watano kwenye ukurasa huu: mama anayeuza ndizi na parachichi soko la Kilombero jijini Arusha, mwalimu wa malezi wa sekondari moja ya kutwa kwenye miteremko ya Meru, muuguzi wa afya ya akili, ambaye wote wanamwita Sista, mchungaji wa Kilutheri, na binti wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne. Watu hao nimewatunga. Mambo wanayoyataja, ya Moshi, Nairobi, Karatu na ng'ambo, ni ya kweli.

Aanze Mama, maana ndiye mwenye mgonjwa nyumbani.

MAMA: Mwanangu wa pili yuko kidato cha pili. Tunakaa Muriet. Mnakumbuka mvua za 2024, ile Aprili 12 gari la wanafunzi liliposombwa na maji kwenye korongo la Engosengiu. Mwanangu hakuwemo, wala hakuwa anasoma shule ile. Ila picha zilizunguka kwenye simu siku nzima na yeye akaziona zote. Tangu hapo kifodi, daladala zetu hizi, hapandi. Akifika stendi jasho linamtoka, miguu inakufa ganzi, ananiambia mama siwezi kupumua. Shule anakwenda kwa miguu, na mvua ikinyesha haendi kabisa. Wameshamwandika mtoro. Nimempeleka hospitali, wamempima malaria, wamempima moyo, wamempima damu, hawajaona kitu. Sasa shemeji yangu aliyeko Marekani anasema kuna wataalamu wanaotibu kwa video. Ndiyo nauliza: nimpe simu, nisimpe?

MWALIMU: Pole sana, mama. Mimi nitasema bila kuficha: usimpe. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na si kwa ukorofi. Angalia kisa chako mwenyewe. Huyo mtoto hakuyaona maji kwa macho yake. Aliyaona kwenye simu. Kilichomtia hofu ndicho unachotaka kimtoe hofu? Tena akishaifungua kwa ajili ya mnasihi, nusu saa baadaye yuko TikTok, na huko hakuna mnasihi.

SISTA: Mwalimu, picha zilimfikia kwa simu, lakini hofu haikai kwenye simu. Inakaa stendi. Kila siku anapofika stendi, mwili ukapiga kelele, akageuka kurudi, anapata nafuu palepale. Ile nafuu ndiyo inayomfundisha kwamba kukimbia kulikuwa sahihi, na kesho yake hofu inakuja na nguvu zaidi. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Na tiba yake haikuvumbuliwa jana. Mwaka 1924 huko Marekani, Mary Cover Jones alimtibu mtoto mdogo aliyeogopa sungura kwa kumsogezea sungura kidogo kidogo wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, mpaka akafika mahali pa kumshika. Baadaye Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, aliiandikia kitabu mwaka 1958. Msweden Lars-Göran Öst akaonyesha kwamba hofu ya kitu kimoja, mbwa au buibui au urefu, mara nyingi inaweza kushughulikiwa kwa kikao kimoja cha saa 3. Uingereza walilipima hilo kwa watoto 268 wa miaka 7 hadi 16, na kikao kimoja hakikuwa nyuma ya vikao vingi.

MAMA: Kwa mwanangu hiyo inakuwaje, Sista?

SISTA: Tunakaa naye, anapanga mwenyewe ngazi. Chini kabisa ni kitu anachoweza kukivumilia akitetemeka kidogo: kuangalia picha ya kifodi. Ya pili, kusimama ng'ambo ya barabara pale stendi ya Kilombero dakika 20 akiyaangalia magari yanavyojaza na kuondoka. Ya tatu, kuingia kwenye gari lililosimama, mlango wazi. Ya nne, mlango umefungwa, injini inaunguruma. Ya tano, vituo viwili, mchana, jua linawaka. Ya mwisho ni safari nzima ya kwenda shule, mawingu yakiwa yametanda. Kwenye kila ngazi anaipa hofu yake alama, sifuri mpaka kumi, na haondoki mpaka alama ishuke yenyewe. Hatumwambii usiogope. Tunamwambia ogopa, ila kaa hapohapo. Na mama, kuna ngazi moja haimo: hakuna kuvuka maji ya mafuriko. Hofu ya korongo lililojaa ni akili timamu, hiyo tunamwachia.

MWALIMU: Sasa nikuulize. Katika hizo ngazi sita, ipi inapandwa kwenye simu?

SISTA: Ya kwanza tu.

MWALIMU: Basi tumemaliza mjadala.

Hapo ningependa kumsimamisha Mwalimu, kwa sababu jibu la Sista linaweza kusomwa kwa njia mbili. Ni kweli kwamba stendi haiji chumbani. Lakini mtu anayejua kuipanga ile ngazi, anayejua kutofautisha hofu ya gari na huzuni iliyojificha nyuma ya hofu, anayejua lini asukume na lini asubiri, naye haji Muriet. Wataalamu wa namna hiyo kwa watoto ni wa kuhesabu nchi nzima, na wengi wao wako Dar es Salaam. Jina ambalo mtu wa kawaida analijua kuhusu matatizo ya akili ni Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa 1927, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mnara wa Saa wa Arusha. Mtaani kwetu jina hilo ni tusi. Mzazi akisikia neno "akili" anaona Mirembe, na mtoto anaona wenzake wakimcheka. Kwa hiyo swali la Mwalimu limekatwa nusu. Nusu iliyobaki ni hii: nani ampangie ngazi?

SISTA: Hapo ndipo simu inapoingia. Australia walifanya hesabu hiyo mapema. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya vijana 115 wenye wasiwasi uliopitiliza, wa miaka 12 hadi 18: wengine walitibiwa kliniki, wengine kwa intaneti, wengine walisubiri zamu yao. Wa intaneti walipona karibu sawa na wa kliniki. Lakini someni kilichokuwa ndani ya hiyo intaneti. Vipindi 10 vya kijana, vipindi 5 vya wazazi, na mtaalamu anayesoma kazi za kijana na kumjibu. Mazoezi yenyewe walikwenda kuyafanya shuleni na madukani. Si kwamba walimpa mtoto tableti wakafunga mlango.

Kuna hofu nyingine ambayo tiba yake naifundisha kwa video bila wasiwasi wowote, na ningependa wasichana waijue. Chanjo ya HPV inatolewa kwa wasichana nchini kote tangu 2018, na kila mwaka wapo wanaoanguka wakiona sindano. Wanaambiwa wana pepo, au wanajidekeza. Hofu ya damu na sindano ina tabia yake peke yake: presha inapanda, halafu inaporomoka ghafla, ndipo mtu anazimia. Ukimwambia apumue alegee, unamwangusha upesi zaidi. Anatakiwa kukaza. Misuli ya mikono, ya miguu na ya tumbo, sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, aachie bila kulegea kabisa, arudie mara tano. Akizoea hilo nyumbani, anaingia kwenye foleni ya chanjo na silaha yake. Dakika 20 za video zinatosha.

MCHUNGAJI: Sista, mambo ya presha nakuachia. Mimi nazungumzia imani, na sina maana ya dini peke yake. Umbali haujawahi kumzuia mtu wa nchi hii kutafuta uponyaji. Mwaka 2011 wote tuliona. Samunge, kule Loliondo, mchungaji mstaafu anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na magari yamepanga foleni kilomita kwa kilomita porini. Watu walitoka Kenya, walitoka mbali zaidi. Sisemi kikombe kile kiliponya nini. Nasema walikwenda kwa sababu kulikuwa na mzee wa kumwona kwa macho, anayejulikana katokea wapi. Huyo wa kwenye skrini ni nani? Wa ukoo gani? Nani alimfundisha? Mtoto wangu akimweleza siri zake, nitampata wapi nikimhitaji?

BINTI: Shikamooni wote. Mchungaji, samahani kama nitaonekana nabishana na wewe. Mimi mnasihi wangu wa kwenye simu nilimwamini kwa sababu hiyohiyo. Hakuujua ukoo wangu.

MCHUNGAJI: Marahaba, mwanangu. Sema.

BINTI: Nimekulia Ngarenanyuki. Mkiniangalia meno mnajua. Kule ni maji, yana floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya mlima, na meno yetu yanatoka ya kahawia tangu utotoni. Nyumbani hakuna anayekucheka, maana wote tuko hivyo. Nilipokuja kusoma mjini, wiki ya kwanza mtu aliniuliza kama napiga mswaki. Darasa zima likacheka. Nikaanza kuongea nimeweka mkono mdomoni. Baadaye nikaacha kuongea. Wakati wa korona nilifurahi, nilivaa barakoa hata wenzangu walipoacha. Kidato cha tatu, mwalimu akisema nani atakuja mbele, nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni, na huko natapika kweli. Nani ningemwambia? Mama angeumia, maana maji yale ndiyo aliyonilea nayo. Mchungaji wetu ni mjomba wangu. Mwalimu wa malezi...

MWALIMU: Malizia.

BINTI: Mwalimu wa malezi ndiye aliyekuwa wa nidhamu pia. Aliyetuchapa asubuhi ndiye tuliyetakiwa tumwendee mchana kumwambia tunaogopa.

Mwalimu hakujibu hilo mara moja, nami nisingependa limalizwe haraka. Kanuni zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti na idadi maalumu, na mjadala wa viboko ni mrefu, una siku yake. Hapa linatosha jambo moja: mtoto anayetetemeka kwa sababu atachapwa hana ugonjwa wa hofu. Ana hofu yenye sababu, na hakuna mnasihi, wa skrini wala wa kiti, anayepaswa kumzoesha fimbo ngazi kwa ngazi. Mtaalamu aliyeko mbali anaweza kukosea hapo vibaya sana. Anamsikia kijana akisema "naogopa shule", anampangia mazoezi ya kwenda shule, na hajui kinachomsubiri getini.

BINTI: Binamu yangu anayesoma Nairobi ndiye aliyenilipia. Mnasihi alikuwa wa huko, anaongea Kiswahili. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu tovuti nyingi nilizoziona kabla ni za Kiingereza mwanzo mwisho. Mimi shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza, na nusu ya hofu yangu ilianzia hapo, kusimama na kujibu kwa lugha ambayo sijaizoea. Halafu niitibu hofu hiyo kwa Kiingereza? Kwa yule dada, mwanzoni nilizima kamera. Aliniacha. Tuliongea sauti tupu. Mtu wa kwanza kunisikia alikuwa hajaniona, na naapa nisingemweleza kama angeniona. Baadaye akaniomba niwashe, dakika moja. Kisha nicheke kamera ikiwa imewashwa. Kisha akanipa kazi: nenda dukani, nunua mkate, uulize bei, mkono usiende mdomoni. Duka la pale Usa River nililizunguka mara tatu kabla ya kuingia. Muuza duka hakunitazama hata usoni. Alikuwa anatafuta chenji.

SISTA: Unaona, Mwalimu? Ngazi zilipandwa.

MWALIMU: Naona. Naona pia kwamba ni mtoto mmoja, mwenye binamu wa kumlipia. Na yule dada wa Nairobi alikuwa mwaminifu. Asingekuwa? Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo. Wahalifu waliiba kumbukumbu za wagonjwa, na Oktoba 2020 wakaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa, la sivyo siri ulizomwambia mnasihi wako tunaziweka hadharani. Maelfu ya watu, na walikuwemo waliotibiwa wakiwa watoto. Marekani nako, mwaka 2023 mamlaka ya biashara iliibana BetterHelp ikubali kulipa dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwenye makampuni ya matangazo kama Facebook na Snapchat, na kampuni hiyo ina huduma ya vijana. Mimi mwanafunzi akiniambia siri, inabaki kwangu. Sina seva ya kuibiwa.

BINTI: Siri yetu haikuwahi kuhitaji seva kutoka, Mwalimu. Ilitoka staff room.

SISTA: Wote wawili mna haki, ndiyo maana naona sheria isomwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za mtoto ni taarifa nyeti, haziguswi bila ridhaa. Mzazi ana haki ya kuuliza: mazungumzo yanahifadhiwa wapi, nani anayasoma, yanafutwa lini. Anayeshindwa kujibu hayo matatu kwa Kiswahili rahisi, usimpe mtoto wako.

MAMA: Mimi ningeuliza la nne, bei. Shemeji alinitajia zaidi ya dola 60 kwa wiki. Kwa hela hiyo najaza genge langu. Na video inakula bando. Saa moja tu inaweza kumaliza nusu GB na zaidi. Halafu laini anayotumia mwanangu imesajiliwa kwa jina langu na alama zangu za vidole. Simu ni moja, natumia mimi sokoni kwa wateja. Sasa hiyo siri ataifanyia wapi? Nyumba yetu ni vyumba viwili.

Swali la Mama ndilo ambalo wauzaji wa tiba za mtandaoni huwa hawaliulizi. Wanamfikiria kijana mwenye chumba chake, mlango wake, simu yake, na mzazi aliyeko ofisini. Wapo wa hivyo Njiro. Unga Limited na Sombetini, mtoto anayeongea na simu kwa sauti ya chini saa mbili usiku anasikilizwa na wadogo zake watatu na jirani wa upande wa pili wa ukuta. Wengi wanaishia kuandika badala ya kuongea, na siku hizi wanaiandikia programu ya akili bandia kwa sababu haichoki na haichaji. Naielewa sababu yao. Nawaogopea hata hivyo. Programu hiyo haijui kama mtoto yuko Muriet au Moivaro, na haiwezi kutembea naye mpaka stendi.

MCHUNGAJI: Na siku mtoto akisema hataki kuishi? Lazima mtu aulize.

SISTA: Lazima, Mchungaji, na ahsante kwa kuuliza. Mnasihi yeyote wa mbali, kabla ya kikao cha kwanza, anatakiwa ajue mtoto yuko mtaa gani, nani mtu mzima yuko jirani, namba yake ni ipi, na hospitali iliyo karibu ni ipi. Asiyeuliza hayo si mtaalamu. Na kila mtoto ajue namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, hata simu ya kitochi inapiga, haihitaji bando wala Kiingereza. Lakini kuna kikwazo tumekiweka wenyewe. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtoto anayelijua hilo ananyamaza, na mzazi wake anaficha. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi bado tuko nacho. Siwezi kumtibu mtu anayeogopa kwamba ukweli wake utampeleka polisi.

MCHUNGAJI: Mimi nilisimama uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Mei 2017, tulipowaaga watoto wa shule ya Lucky Vincent. Wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva, basi limetumbukia korongoni kule Karatu wakienda kufanya mtihani wa kujipima. Jiji zima lilifika. Niliporudi nyumbani nikawaza watoto wote wa darasa la saba katika jiji hili ambao kesho yake asubuhi walipaswa kupanda basi. Tulijua kuwaombea waliokufa. Waliobaki wakiogopa, mzazi alikuwa anawaleta kwangu nikemee pepo, na mimi nilikemea, kwa sababu ndicho nilichofundishwa. Nitaendelea kuomba. Ila nataka mtu aniambie, baada ya kuomba, nimshike mtoto mkono nimpeleke wapi.

SISTA: Si lazima iwe mbali. Kilomita 80 kutoka hapa, Moshi, hilo limeshafanywa. Watoto yatima waliobeba huzuni na hofu walikutanishwa katika vikundi, kwa wiki 12, na walioongoza vikundi si madaktari. Ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Utafiti mkubwa wa kazi hiyo, watoto 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, ulitoka 2020. Mjini Moshi watoto walipata nafuu iliyoonekana kuliko wale wa huduma ya kawaida. Vijijini kwetu tofauti haikuwa kubwa, na hilo nalisema wazi, maana si kila kinachofaa mjini kinapanda mlima. Hospitali ya KCMC, hukohuko Moshi, nako kuna huduma ya Sauti ya Vijana, ya vijana wanaoishi na virusi vya Ukimwi, inayoongozwa na vijana wenzao, na wazazi wanaingizwa kwenye baadhi ya vikao. Kenya wana Shamiri. Kijana aliyemaliza shule juzijuzi anakaa na wanafunzi katika kikundi, vipindi 4 tu. Waliwapima wanafunzi 413 na kuchapisha 2021: wasiwasi na sonona vilipungua, na miezi 7 baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

MWALIMU: Hao Shamiri walijaribu pia kwa kompyuta, nimesoma. Kikao kimoja, kwenye kompyuta za shule, wanafunzi 103.

SISTA: Walijaribu, na sonona ilishuka. Umeona walipofanyia? Shuleni, wakati wa shule, kwenye kompyuta ya shule. Hakuna aliyeleta simu kutoka nyumbani.

Msimamo wangu unatoka hapo, na sina sababu ya kuuficha nyuma ya wasemaji. Kijana wa Arusha mwenye hofu anahitaji watu wawili. Mmoja anaijua tiba, na huyo anaweza kuwa popote duniani mradi anasema Kiswahili na anajibu yale maswali ya Sista. Wa pili anayajua mazingira, anaweza kupanda kifodi pamoja naye, na huyo ni lazima awe hapa. Kumpa mtoto wa kwanza bila wa pili ni kumwacha na maneno mazuri chumbani. Kumpa wa pili bila wa kwanza ndiko tulikokuwa siku zote: mtu mwenye huruma asiyejua afanye nini, anayesema jikaze. Sikubaliani na Mchungaji kwamba lazima mzazi amjue mnasihi kwa ukoo, wala sikubaliani na Binti kwamba mtu mzima wa karibu ni hatari tu. Binti mwenyewe alikuwa na binamu. Tofauti ni kwamba binamu huyo alichaguliwa na Binti mwenyewe.

BINTI: Hilo la kuchagua ndilo ninalolisimamia. Msimpangie mwalimu wa malezi kwa sababu ni cheo chake. Mwacheni mtoto ataje. Anaweza kumtaja mpishi.

MWALIMU: Na akimtaja mpishi, mpishi afanye nini?

SISTA: Afundishwe. Siku mbili tatu, na mimi au mtaalamu wa kwenye skrini anamsimamia kila wiki. Kazi yake si kuchimba siri. Kazi yake ni kusimama na mtoto ng'ambo ya stendi dakika 20, asimwambie "usiogope", asimvute mkono kuondoka, amuulize tu: sasa hivi ni ngapi? Tisa. Na sasa? Saba.

MAMA: Mwanangu atamtaja mtoto wa dada yangu. Amemaliza kidato cha sita, hana kazi, wanapendana. Na konda mmoja wa njia ya Kwa Mrombo ni mteja wangu. Gari likiwa linasubiri abiria pale Kilombero, watoto hao wawili wakae ndani mpaka lijae, halafu washuke. Nitamlipa nauli za siti mbili ili asinune.

SISTA: Hiyo ni ngazi ya tatu na ya nne, mama. Umeshaipanga.

MWALIMU: Mimi naweza kuomba kwa mkuu wa shule chumba na kompyuta kwa ajili ya mnasihi, Jumamosi, shule ikiwa haina watu wengi. Ila taratibu ni kwamba mwanafunzi na mtu mzima hawafungiwi chumbani. Mlango unabaki wazi.

BINTI: Mlango ukiwa wazi hakuna atakayesema neno, Mwalimu. Wanaofagia korido watasikia.

SISTA: Waonekane, wasisikike. Ndivyo inavyofanyika kwa watoto kote. Wekeni meza nje, pembeni ya kiwanja cha netiboli. Kila mtu anawaona, hakuna anayewasikia.

MWALIMU: Intaneti ya ofisi haifiki kiwanjani.

SISTA: Basi shule inunue bando. Wazazi wakichanga michango ya mlinzi na ya mitihani, hili nalo liwekwe kwenye karatasi, liandikwe jina lake, lisomwe kikaoni.

MWALIMU: Kikao cha wazazi ni mwezi ujao. Mama, utakuwepo?

MAMA: Nitakuwepo. Na nitasema mimi, kwa sababu ukisema wewe watafikiri ni mchango mwingine tu wa shule.